Deni la Mwigaji

Methali yetu ya kale yasema kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Kwa methali hii watu wengi wameufunga mjadala kabla haujafunguliwa: kuiga ni aibu, basi, kila mtu na awe yeye mwenyewe. Lakini mtoto hajifunzi kusema ila kwa kuiga kinywa cha mamaye, wala mwanafunzi hajifunzi kuandika ila kwa kufuata mwandiko wa mwalimu ubaoni. Fundi cherehani hutazama mshono wa fundi mwenziwe, na seremala hupima kiti chake kwa kiti kilichotangulia. Kama kuiga kungalikuwa aibu tupu, hapana mtu hata mmoja duniani ambaye angalikuwa na ustadi asiouonea haya. Kwa hiyo swali linalotupasa kulijibu si kama kuiga kunafaa au hakufai. Swali ni hili: mtu aliyejifunza kwa kuiga anadaiwa nini, na mdai wake ni nani?

Nataka kulipima swali hili kwa jambo moja dogo, nalo ni gitaa la besi. Nimelichagua kwa kuwa vijana wengi wa Nairobi hulijua au hutamani kulijua, na kwa kuwa katika muziki kuiga na kuiba hukaa nyumba moja kama ndugu wawili wanaofanana sura, hata jirani akawachanganya majina.

Tumfikirie kijana mmoja wa Riruta. Simpi jina, kwa sababu vijana wa namna yake ni wengi. Riruta iko upande wa magharibi wa Nairobi, ukishapita Dagoretti Corner, nayo imepakana na Kawangware kwa namna ambayo mgeni hawezi kusema kwa yakini amevuka mpaka mahali gani. Kando ya barabara zake kuna maduka ya mabati, mafundi wa vitanda na milango ya chuma, wauza mitumba, na kila baada ya nyumba chache, kanisa. Makanisa mengi ya huko yalianza chini ya mabati na mengine yangali chini ya mabati. Lakini hata kanisa maskini hujitahidi kupata kinanda, ngoma na gitaa la besi kabla halijapata sakafu ya saruji. Hiyo ndiyo shule kubwa ya muziki katika mitaa yetu. Haina ada wala cheti. Kijana huketi karibu na mpiga besi, humtazama vidole Jumapili baada ya Jumapili, na siku mpiga besi akiugua huambiwa, "Haya, jaribu wewe."

Gitaa la besi lina nyuzi nne nene. Lilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1951 na fundi mmoja wa California aliyeitwa Leo Fender, ambaye aliwapunguzia wapigaji taabu ya kubeba besi ya zamani ya mbao, iliyo refu kama mtu mzima. Kazi yake ni ya unyenyekevu. Watu hawaisikilizi besi, lakini siku ikinyamaza wote hugeuza shingo kutazama kumetokea nini. Tena ni chombo kisichopenda simu: uzi wake mnene hutikisika kama mara 41 kwa nukta moja ya saa, na kipaza sauti kidogo cha simu hakiwezi kuitoa sauti nzito kiasi hicho. Kijana wa Riruta akitaka kuisikia besi sawasawa, hana budi kuazima vihadhi vya masikioni au kupanda matatu ya kwenda Kawangware, ile namba 46, ambamo besi haisikiwi kwa sikio bali kwa kifua. Na nyumbani, katika chumba kimoja kilichogawanywa na jirani kwa ukuta wa mabati, hana kipaza sauti. Basi hukiegemeza kichwa cha gitaa juu ya meza ya mbao, na mbao ile humrudishia mnong'ono wa sauti unaomtosha yeye peke yake.

Kijana wetu amependa muziki wa roki wa zamani, ule wa Uingereza na Marekani wa miaka ya 1960 na 1970. Katika muziki huo nyimbo nyingi hujengwa juu ya kipande kifupi cha sauti kinachorudiwarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, kama mwito wa muuza maziwa unaojulikana na mtaa mzima kabla hajaonekana. Wapigaji hukiita kipande hicho rifu. Rifu ni rahisi kuikamata na ni vigumu kuisahau. Ndiyo maana kila anayeanza kujifunza besi hutaka rifu kwanza. Huchukua moja kutoka kwa kundi la Cream, nyingine kutoka kwa Led Zeppelin, akazikusanya kama mtoto akusanyavyo vizibo vya soda. Baada ya miezi mitatu anazo ishirini, na rafiki zake humwita fundi.

Hapo ndipo napenda kumsimamisha na kumwuliza kama anajua alicho nacho.

Siku moja mtu aliyemtangulia humwambia kuwa rifu nyingi kati ya hizo zimetoka katika chungu kimoja, nacho ni ngazi ya bluzi. Neno laweza kutisha, lakini yeyote aliyeimba kwaya shuleni aweza kulielewa mara moja. Chukua sauti tano: la, do, re, mi, so. Hizi si ngeni kwetu. Nyimbo nyingi za makabila ya Kenya zimejengwa kwa sauti tano kama hizi, hata bibi aliyekuwa hajaona darasa aliziimba akitwanga mahindi. Sasa tia sauti moja zaidi katikati ya re na mi, sauti isiyo re wala mi, yenye uchungu kidogo, ambayo haitaki kutulia ila yataka kushuka au kupanda. Hiyo ndiyo sauti ya sita, na hiyo ndiyo ngazi ya bluzi. Katika shingo ya besi, ukiweka la yako juu ya A, utaipata kwa nafasi chache: uzi wa kwanza mnene, nafasi ya tano na ya nane; uzi wa pili, ya tano, ya sita na ya saba; uzi wa tatu, ya tano na ya saba, ambapo umefika A ya juu. Nafasi ya sita katika uzi wa pili ndiyo ile sauti ya uchungu. Kidole kikishuka kutoka ya saba kupita ya sita hadi ya tano, kijana husikia kwa ghafula kuwa rifu aliyoikariri kwa miezi mitatu imepita njia hiyo hiyo.

Wanafunzi wanaosoma kitabu hiki wanalijua jambo hili kwa jina lingine. Wako wanaoingia katika chumba cha mtihani na insha nzima kichwani, iliyokaririwa neno kwa neno, yenye jua linalochomoza kama sahani ya dhahabu na ndege wanaotumbuiza. Swali likiuliza juu ya ajali, jua lile lachomoza. Likiuliza juu ya arusi, lachomoza vile vile. Mwanafunzi huyo ana rifu; hana ngazi. Simwiti mwizi. Lakini amechukua nyumba ya mtu mwingine asiyejua mlango wake uko wapi, na swali likibadilika kidogo hubaki nje kwenye mvua. Kijana wa besi vile vile: mwenye rifu ishirini aweza kupiga nyimbo ishirini, na wimbo wa ishirini na moja humshinda. Aliyeelewa ngazi aweza kuanza kusema kwa sauti yake. Sehemu ya kwanza ya deni la mwigaji, basi, ni kuelewa. Aliyekuachia kitu kizuri hakukuachia ukibebe kama mzigo uliofungwa, amekuachia ukifungue.

Deni hili la kwanza hulipwa kwa jasho, nalo si jasho la maneno. Nyuzi za besi ni nene, na ncha za vidole hupata malengelenge kabla hazijapata sugu. Tena rifu ya bluzi haiko katika sauti peke yake; iko katika kuchelewa. Sauti moja hucheleweshwa kidogo mno, kama mzee anayejua kuwa hawataanza kula kabla hajaketi, na ucheleweshaji huo hauandikiki vizuri kwenye karatasi. Kijana hana budi kuisikiliza rekodi mara hamsini, apige, asikie kuwa amewahi, asikilize tena. Mimi huiona kazi hii kuwa heshima ya kweli, kuliko sifa nyingi zinazotolewa kwa mdomo. Mtu anayeiga ovyo husema kwa vitendo vyake kwamba alichoiga hakikuwa na thamani ya kusikilizwa vizuri.

Lakini liko deni la pili, nalo ni zito zaidi, kwa kuwa jasho peke yake halilipi. Ni deni la jina.

Mwaka 1967 kundi la Cream la London lilitoa wimbo wenye rifu iliyokuja kupigwa na wanaojifunza besi katika kila nchi, "Sunshine of Your Love". Rifu hiyo ilitungwa na Jack Bruce, Mskoti aliyepiga besi, baada ya kumsikiliza Mmarekani mweusi, Jimi Hendrix, jukwaani London mwezi Januari mwaka huo. Na sauti zake zimetoka zote katika ngazi ya bluzi. Mwenziwe katika kundi alisema waziwazi ni nani aliyemwasha Bruce moto. Hendrix naye alikulia katika bluzi za wazee wake, na wazee hao walizipata kwa watu wa mashamba ya pamba ya Mississippi. Ukiifuata rifu moja kwa nyuma, utaona kuwa kila mwenye kutoa alikuwa amepewa. Ndiyo sababu hapana awezaye kuidai ngazi kuwa mali yake. Hata sheria hulijua hilo: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtungaji katika maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini humlinda katika kazi aliyoitunga, haimpi umiliki wa sauti sita kama vile haimpi mshairi umiliki wa irabu tano.

Sasa nitataja jambo la namna nyingine. Willie Dixon alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915, akahamia Chicago, akawa mpiga besi, ile besi kubwa ya mbao, na mtungaji wa nyimbo katika kampuni ya Chess. Mwaka 1962 mwimbaji Muddy Waters alirekodi wimbo aliotungiwa na Dixon, "You Need Love". Mwaka 1969 kundi la Led Zeppelin la Uingereza likatoa "Whole Lotta Love". Rifu ya gitaa katika wimbo huo ilikuwa yao wenyewe, na ni rifu nzuri. Lakini sehemu kubwa ya maneno ilikuwa imetoka kwa Dixon, na katika santuri ile jina la Dixon halikuwamo. Santuri iliuzwa ulimwenguni kote. Dixon alishtaki mwaka 1985, na mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama. Jina lake likaja kuandikwa pamoja na majina yao. Dixon pia aliweka shirika la kuwasaidia wanamuziki wa bluzi kudai haki zao, kwa kuwa alijua kuwa hakuwa peke yake.

Tazama vizuri kosa lilikuwa wapi. Halikuwa katika kupenda wimbo wa mtu mweusi wa Chicago, wala katika kuupiga kwa nguvu mpya, wala katika kuuongezea. Lilikuwa katika karatasi ndogo ya mviringo iliyobandikwa katikati ya santuri, mahali pa jina. Kundi lingine la Uingereza la miaka ile ile, Rolling Stones, ambalo hata jina lake lilitokana na wimbo wa Muddy Waters, lilialikwa mwaka 1965 katika televisheni ya Marekani. Vijana hao walikubali kwa sharti kuwa mwalimu wao, Howlin' Wolf, naye aalikwe. Mzee yule mkubwa wa mwili akaimba, na vijana waliokuwa mashuhuri kuliko yeye wakaketi chini miguuni pake. Watu wa Marekani walimwona jirani yao kwa mara ya kwanza kwa sababu wageni waliomwiga hawakumficha. Sisemi kuwa vijana hao walikuwa watakatifu. Nasema kuwa siku ile walilipa.

Hapo msomaji wa Riruta aweza kuninyoshea mkono na kusema: "Mwalimu, hayo ni madeni ya Wazungu. Bluzi ilitoka Afrika. Sisi ni Waafrika. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Tunachukua kilicho chetu." Nimeyasikia maneno haya mara nyingi, na yana utamu wake. Tena hayakosi ukweli. Bluzi ilizaliwa kusini mwa Marekani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, miongoni mwa wana na wajukuu wa watumwa, na wataalamu wamezifuata baadhi ya sauti zake hadi Afrika ya Magharibi. Ali Farka Touré, mpiga gitaa wa Mali aliyefariki mwaka 2006, alipomsikia John Lee Hooker mara ya kwanza alidhani anasikia muziki wa kwao.

Hata hivyo naikataa hoja hiyo. Ali Farka Touré alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa kuwa alikuwa ameupiga muziki wa kwao maisha yake yote. Vidole vyake ndivyo vilivyotoa ushahidi. Mababu wa watoto wa Riruta walitoka Murang'a, Vihiga, Machakos au Siaya, nao hawakupandishwa meli za kwenda Mississippi. Damu haikumbuki kidole kinakaa nafasi gani. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Tukisema bluzi ni yetu kwa rangi ya ngozi, tunawaruka watu walioifanya: watu waliofanya kazi katika pamba ya mwingine, wakafungwa gerezani kwa makosa madogo, wakaimba, na katika kuimba huko wakaipata sauti ile isiyotulia kati ya re na mi. Hawakuipokea ikiwa tayari kutoka Afrika kama furushi. Waliipika upya katika dhiki yao. Kudai udugu ili usilipe deni ni ujanja wa zamani, na kila mwenye duka la mtaani anaujua.

Wala sikubaliani na mzee anayesema kinyume chake, kwamba kijana aache vya ugenini apige vya nyumbani. Vya nyumbani ni vipi? Katika mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Katanga, na santuri za Bosco zilipofika Kenya wapiga gitaa wetu walijifunza kwake namna ya kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Wapigaji wa benga walichukua gitaa la Ulaya wakaliiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, hata gitaa likasahau lilikozaliwa. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakapitia Arusha hadi Nairobi, wakaanzisha Simba Wanyika. Na kutoka humo wakatoka Les Wanyika, ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 walitupatia "Sina Makosa". Msikilize Tom Malanga katika wimbo huo. Besi yake haikimbii wala haijigambi, nayo huutembeza wimbo mzima mkononi kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Hapana ngazi ya bluzi mle. Lakini rumba ile ilitoka Kongo, na Kongo iliipata katika santuri za Kuba, na Kuba iliipata kwa watumwa. Leo tunaiita ya nyumbani, na ni kweli. Nyumbani ni mahali ambapo kitu kimekaa na kufanyiwa kazi.

Nasi vile vile tumewahi kupotewa na majina. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi ulimwenguni. Fadhili William wa Kenya, aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi na kuutangaza kuwa wake. Wengine humtaja Adam Salim wa Tanzania kuwa ndiye mtungaji. Na ubishi haujaisha. Wimbo mzuri hivyo, na bado hatujui kwa umoja tumshukuru nani.

Sasa nimrudie kijana wetu, nimtie katika jaribu. Tuseme ni Jumapili, wakati wa sadaka. Mpiga ngoma amepunguza mwendo, kinanda kimeshika sauti moja ndefu, na vidole vya kijana, bila kuombwa, vyateremka ngazi: saba, sita, tano. Ile rifu ya London yaingia chini ya pambio la Kiswahili na kukaa humo kana kwamba ilizaliwa humo. Akina mama wapiga vigelegele. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya amshika bega na kumwuliza, "Kijana wangu, ile umeitunga wewe?"

Wengi watasema jibu ni rahisi. Mimi sioni hivyo. Besi ni ya kanisa. Kijana hana nyingine, wala hana fedha za kuinunua. Wapo wachungaji wanaoamini kuwa roki ni muziki wa Shetani, na mara kijana akitaja ilikotoka, chombo chaweza kufungiwa kabatini. Akisema "Ndiyo, Mwalimu," hapana atakayeumia, yaonekana: Jack Bruce alifariki mwaka 2014, na hapana mtu wa London atakayejua kilichosemwa Riruta. Kinyume chake, ukweli utamwumiza mtu aliye hai, maskini, anayependa muziki. Hili ndilo jambo la kupimwa kwa makini, maana uongo huja kwetu mara nyingi ukiwa umevaa nguo za huruma.

Naona yatupasa kutenga mambo mawili. Asipoulizwa, hakulazimishwa kusimama madhabahuni na kutangaza asili ya kila sauti. Muziki ukipigwa hauna karatasi ya mviringo katikati, na wapigaji wote wa dunia hutupiana vipande hivi njiani; ni salamu, si wizi. Lakini akiulizwa, hali imebadilika. Swali la mwalimu wa kwaya limeifanya nafasi ya jina iwepo, na nafasi ya jina ikishakuwapo haiwezi kubaki tupu: ama ataandikwa mwenyewe au ataandikwa mwingine. Kijana akijibu "ndiyo", amefanya lile lile lililofanywa na santuri ya mwaka 1969, na udogo wa kanisa haupunguzi tendo, hupunguza hasara tu. Tena amejidhuru kwa namna ambayo hataiona upesi. Kuanzia siku hiyo watamwomba nyingine kama ile, naye hawezi kumwambia mtu yeyote anakochota. Atalazimika kujifunza kwa siri, na hapana adui wa kujifunza kama siri.

Ajibu basi, "Hapana, Mwalimu. Ni ya Mskoti mmoja, Jack Bruce, naye aliamshwa na Jimi Hendrix. Mimi nimeisikiliza miezi mitatu ndipo nikaiweza." Huenda kabati likafungwa. Sitamdanganya kuwa ukweli hulipwa papo hapo. Nimeona mara nyingi haulipwi kabisa. Lakini anaweza kuongeza neno moja, likiwa na manufaa. Mtu anayeitwa baba wa muziki wa injili wa Marekani, Thomas Dorsey, alikuwa kwanza mpiga kinanda wa bluzi aliyejulikana kwa jina la Georgia Tom, naye alimpigia Ma Rainey kabla ya kuandika nyimbo za kanisa. Kwaya nyingi za Nairobi zinaimba leo kwa mtindo uliopita mikononi mwake. Mchungaji anayeitoa bluzi mlangoni anaikuta imeketi mbele pamoja na waimbaji, imevaa joho.

Limebaki deni moja nisilojua namna ya kulilipa. Jack Bruce ana jina, Dixon amepata jina lake, na Robert Johnson wa Mississippi anajulikana kwa sababu mwaka 1936 na 1937 alirekodi nyimbo 29 kabla ya kufa akiwa kijana. Lakini Johnson naye aliwatazama wengine vidole, na wengi wa hao hawakupata kusimama mbele ya mashine ya kurekodi. Mtu wa kwanza aliyeichelewesha ile sauti kati ya re na mi, tena akairudia kwa kuwa ilimwambia kweli, hana jina tunaloweza kuliandika. Kijana wa Riruta akiipiga jioni, kichwa cha gitaa kikiwa juu ya meza, anamwiga mtu huyo, na hana pa kupeleka malipo.

Nairobi nayo ina wazee waliopiga gitaa katika mabaa na kumbi za miaka ya 1970, na wako kati yao ambao majina yao hayakuandikwa katika santuri yoyote. Mmoja huketi mbele ya duka. Mwingine hushona viatu. Mwingine angali anapiga Jumapili, kwa vidole vilivyokauka, na kupita kutoka sauti moja hadi nyingine kwa njia isiyofundishwa katika simu yoyote. Kijana akimwona mzee wa namna hiyo, na amwamkie, amwulize kwanza jina lake kamili, kisha jina la aliyemfundisha, alitoka wapi na mwaka gani, ayaandike, ndipo amwombe amwonyeshe kidole kinakaa wapi.